Mkono Ulionyooshwa Mara Mbili: Uchambuzi wa Mwisho wa Frankenstein

Ni usiku wa manane, tarehe 12 Septemba, mwaka ambao mwandishi ameuficha kwa kuandika 17 kisha kistari. Meli ya Robert Walton, Mwingereza aliyekwenda kuitafuta Ncha ya Kaskazini, imechomoka kwenye barafu iliyotaka kuisaga na sasa imeshika njia ya kusini. Walton anamwandikia barua dada yake Margaret. Katikati ya barua anasikia sauti. Ni kama ya binadamu, ila ina mikwaruzo zaidi, nayo inatoka katika chumba ulimolazwa mwili wa Victor Frankenstein, aliyekata roho muda si mrefu kabla ya hapo. Walton anainuka kwenda kuangalia.

Humo anamkuta mtu wa umbo la kutisha ameinama juu ya jeneza. Ni mrefu kupita kiasi, viungo vyake havilingani, na nywele ndefu zilizotimka zimemfunika uso. Mkono mmoja mkubwa ameunyoosha. Rangi yake na ngozi yake ni kama ya maiti iliyokaushwa.

Kisa ninachokichambua ni hicho: mazungumzo mafupi ndani ya chumba kile, kati ya nahodha aliyeshindwa safari, maiti, na kiumbe asiye na jina. Nimezisoma kurasa hizo mara nyingi, na kila mara macho yangu hurudi kwenye mkono ule. Naamini tanzia yote ya riwaya ya Mary Shelley imo ndani yake.

Kwa anayeijua hadithi hii kwa sinema tu, mambo yalikuwa hivi. Victor, kijana wa Geneva, alikwenda kusoma Ingolstadt nchini Ujerumani. Huko alikusanya viungo vya wafu, akaunda mwili wa futi 8, na usiku mmoja wa Novemba akautia uhai. Alipoona macho yamefunguka, alikimbia. Kiumbe akaachwa ajilee mwenyewe porini. Alijifunza lugha kwa kuchungulia familia moja ya maskini kupitia ufa wa ukuta, akajifunza kusoma, na karatasi alizozikuta katika mfuko wa vazi alilochukua kwa Victor zikamweleza alivyotengenezwa na alivyochukiza machoni pa aliyemtengeneza. Alimuua William, mdogo wake Victor. Justine, binti aliyelelewa katika nyumba hiyohiyo, akanyongwa kwa kosa lisilo lake. Kiumbe akaomba aundiwe mwenza. Victor alikubali, akaianza kazi hiyo katika visiwa vya Orkney, kisha akaurarua mwili uliokuwa haujakamilika huku kiumbe akimtazama dirishani. Baada ya hapo akafa rafiki yake Clerval, akafa mkewe Elizabeth usiku wa harusi yao, akafa baba kwa majonzi. Victor akaapa kumsaka muuaji hadi mmoja wao afe, na msako ukawafikisha kwenye barafu alikookotwa na meli ya Walton.

Katika msako huo kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Kiumbe aliwaua wapendwa wa Victor, lakini Victor mwenyewe hakumgusa. Alimwachia alama njiani asipotee. Alimwandikia ujumbe kwenye magome ya miti na kwenye mawe. Mahali pamoja alimwachia sungura aliyekwisha kuuawa, akamwandikia ale apate nguvu. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na sijui kisa kingine ambamo methali hii inakaa sawasawa kama hapa. Kiumbe hakutaka Victor afe. Alitaka Victor amfuate. Mtu aliyemkimbia usiku wa kwanza sasa alikuwa anamkimbilia, na kama njia pekee ya kumfanya afuate ilikuwa chuki, basi kiumbe aliichukua chuki hiyo, kwa kuwa hakuwa amepewa kitu kingine.

Turudi kwenye usiku ule wa kwanza, maana bila huo hatuuelewi wa mwisho. Victor ametoka mbio katika chumba cha kazi, amejitupa kitandani, ameota ndoto mbaya ya mama yake aliyekufa. Anazinduka. Kwa mwanga wa mwezi anamwona kiumbe ameshika pazia la kitanda, anamtazama. Midomo inacheza, sauti zisizo maneno zinatoka, mashavu yamekunjamana kama ya mtu anayejaribu kutabasamu. Na mkono mmoja umenyooshwa. Victor anasimulia kwamba ulionekana kutaka kumzuia, akaruka na kushuka ngazi mbio. Mzazi yeyote aliyewahi kuinama juu ya kitanda cha mtoto anazitambua dalili hizo zote, midomo inayocheza bila neno, tabasamu lisilo na mpangilio, mkono unaotafuta cha kushika. Ila hapa waliobadilishana nafasi ni mtoto na mzazi. Aliyezaliwa ndiye amesimama, na aliyezaa ndiye amelala, ndiye anayetoroka.

Melini picha inajirudia. Victor amelala tena. Kiumbe ameinama tena. Mkono umenyooka tena. Tofauti ni kwamba safari hii Victor hawezi kukimbia, na kiumbe, ambaye siku ile hakuwa na neno hata moja, sasa ana lugha inayoweza kumliza msikilizaji. Ameyapata maneno yote aliyoyahitaji wakati sikio alilotaka limsikie limekwisha kuziba. Anamwita marehemu mkarimu, mtu aliyejitoa. Anamwomba msamaha, na hapohapo anasema haina maana tena kuomba, kwa kuwa amekwisha kuwa baridi na hawezi kujibu.

Sisi tungesema amekuja kuomba radhi. Neno hilo linabeba uzito kuliko msamaha. Radhi hutoka kwa mzazi, na mtoto aliyefiwa na mzazi kabla ya kuipata hubaki na mzigo maisha yake yote. Lakini katika chumba hiki deni lina pande mbili. Nani alikuwa na haki ya kumwomba mwenzake radhi kwanza?

Victor, kabla ya kufa, alikwisha kulijibu swali hilo kwa namna yake, na jibu lake ndilo linalonifanya nione kifo chake ni cha huzuni kuliko hata vifo alivyovisababisha. Anamwambia Walton kwamba siku hizo za mwisho amekuwa akiupima mwenendo wake, na haoni la kulaumiwa. Anakubali kwamba, kwa kumuumba mwenye akili, alijitwika wajibu wa kumtafutia furaha na ustawi kadiri ya uwezo wake. Halafu anasema ulikuwepo wajibu mkubwa zaidi, kwa binadamu wenzake, ndiyo maana alikataa kuunda mwenza. Hoja hiyo ya mwenza ina nguvu, sitaipuuza. Lakini tazama anachokiruka. Kati ya usiku wa Novemba na siku kiumbe alipomkabili kwenye barafu ya milima ya Alps ilipita karibu miaka miwili, na katika muda huo wote hakumtafuta. Uamuzi anaojitetea nao ni wa mwishoni. Ule wa mwanzoni, wa kushuka ngazi mbio, haumo kwenye hesabu yake. Amefanya toba bila kulitaja kosa.

Wala hakubadilika. Tarehe 5 Septemba mabaharia kadhaa waliingia kwa Walton kudai ahadi: barafu ikifunguka, meli irudi kusini. Wenzao kadhaa walikwisha kufa kwa baridi na hofu yao ilikuwa ya haki. Aliyewajibu alikuwa Victor. Mtu asiyeweza kuinuka kitandani alipata sauti ya kuwakaripia, akawaambia safari yao ilikuwa tukufu kwa sababu ilikuwa ya hatari, wasirudi kwa familia zao na alama ya aibu kwenye paji la uso. Huyu ndiye aliyekwisha kumsimulia Walton hadithi nzima ili apate funzo! Tarehe 7 Walton akakubali kurudi. Katika pumzi zake za mwisho Victor anamuusia atafute furaha katika utulivu na ajihadhari na tamaa ya makuu, hata ile inayoonekana haina ubaya ya kujipatia jina katika sayansi na uvumbuzi. Kisha anajikatiza: kwa nini nasema hivi? Yeye ameshindwa, pengine mwingine atafaulu.

Ndiyo maana sikubaliani na usomaji uliozoeleka kwamba riwaya hii inafundisha binadamu asiingilie kazi ya Mungu. Najua tafsiri hiyo ilipotoka. Mary mwenyewe aliipa nguvu katika utangulizi wa toleo la 1831, alipoandika jinsi inavyotisha mwanadamu kuigiza kazi ya Muumba wa ulimwengu. Jukwaa lilimtangulia: mwaka 1823 London ilionyesha tamthilia iliyotokana na riwaya hii, iliyoitwa Presumption, yaani ujeuri wa kuvuka mpaka. Lakini kaa ndani ya chumba cha meli usikilize shtaka linalosomwa pale. Kiumbe hasemi, kwa nini uliniumba? Anauliza kwa nini yeye peke yake ahesabiwe mhalifu, na binadamu wote walimkosea. Kwa nini hachukiwi Felix, kijana wa familia ile ya maskini, aliyemfukuza mlangoni kwa vipigo? Kwa nini halaaniwi yule mwanakijiji aliyempiga risasi baada ya yeye kumwokoa msichana asizame mtoni? Kiswahili kinatusaidia hapa, maana kinatenga kuunda na kuumba. Jahazi huundwa, na likishakuwa majini fundi anaweza kwenda zake. Kiumbe huumbwa, na neno lenyewe linamfunga kwa aliyemuumba. Victor alitaka sifa ya muumba na uhuru wa fundi.

Nimemtaja Felix, na jambo la mlango. Kiumbe katika riwaya hii ni mtu wa madirisha na nyufa. Orkney alimtazama Victor dirishani. Usiku wa harusi alionekana dirishani, akatorokea ziwani. Mahali pamoja tu alipiga hodi akaitikiwa karibu, kwenye nyumba ya familia ile aliyoichungulia kwa miezi mingi, na aliyemwitikia alikuwa mzee De Lacey, kipofu. Walizungumza vizuri mpaka Felix, mtoto wa mzee, alipoingia akamwona. Alipokutana na Victor kwenye barafu ya Alps na Victor akamwambia aondoke asimwone, kiumbe alimziba macho kwa mikono yake, akamsihi basi asikilize.

Sasa mtazame Walton. Anapouona uso ule, hajawahi kuona kitu cha kutisha hivyo, na bila kukusudia anafumba macho. Na akiwa ameyafumba, anamwita abaki. Kwangu hili ndilo tendo jema pekee katika usiku ule. Kiumbe alikuwa amekwisha kurukia dirishani. Aliposikia akiitwa asiende, akageuka. Hakuna binadamu mwenye macho aliyewahi kumwambia asiende.

Lakini Walton hawezi kulibeba jambo hilo hadi mwisho. Marehemu alimwonya kwamba kiumbe ana ulimi wa kushawishi, asimwamini. Huruma inapoanza kumwingia anakumbuka onyo hilo, anatazama maiti, na hasira inawaka. Anamwambia amewasha moto kwenye nyumba, zimeteketea, sasa ameketi kwenye magofu analia. Mara ya kwanza nilipoisoma sentensi hiyo nilimkasirikia Walton. Sasa naona ana haki kiasi. William alikuwa mtoto. Elizabeth hakumkosea mtu. Na Justine, ambaye kiumbe ndiye aliyemwekea katika mikunjo ya vazi picha ya kumponza, hatajwi kwa jina hata mara moja katika maneno yake marefu ya majuto. Anataja kilio cha Clerval, anataja wasio na hatia aliowakaba wakiwa usingizini, lakini msichana aliyemtuma kwenye kitanzi cha serikali amemsahau, kama Victor alivyonyamaza mahakamani akijua ukweli. Hapo muumba na kiumbe wanafanana kwa namna inayoniuma, na mwandishi hakuwapunguzia hata mmoja.

Hata hivyo majuto ya kiumbe yana kitu ambacho ya Victor hayana. Anajihukumu. Anasema hakuna anayemchukia kama yeye anavyojichukia, na kwamba vilio vya Clerval havikuwa muziki masikioni mwake. Haombi huruma ya Walton. Anasema hata Shetani, adui wa Mungu na watu, alikuwa na wenzake katika laana yake, naye yuko peke yake. Kisha anatumia neno zito kuliko yote: anajiita mimba iliyoharibika, ya kupigwa mateke na kukanyagwa.

Aliyeliandika neno hilo hakulitoa mbali. Mama yake Mary, Mary Wollstonecraft, alifariki tarehe 10 Septemba 1797, siku 11 baada ya kumzaa. Februari 1815 Mary mwenyewe, akiwa na miaka 17, alijifungua binti kabla ya wakati, na mtoto hakumaliza wiki mbili. Siku chache baadaye aliandika kwenye shajara kwamba ameota mtoto wake mdogo amefufuka, kwamba kumbe alikuwa amepata baridi tu, wakamsugua karibu na moto akawa hai. Riwaya aliianza kiangazi cha mwaka uliofuata kando ya Ziwa Geneva, ikatoka London tarehe 1 Januari 1818, nakala 500, bila jina la mwandishi. Barua ya kwanza ya Walton ina tarehe 11 Desemba, ya mwisho 12 Septemba. Ni miezi tisa. Na Margaret Walton Saville, dada anayeandikiwa, ana herufi za mwanzo zilezile za Mary Wollstonecraft Shelley. Simaanishi kwamba riwaya ni fumbo la maisha yake. Namaanisha tu kwamba mwandishi aliyeota moto ukimrudishia uhai mtoto aliyekuwa baridi ndiye aliyemalizia kitabu chake kwa maiti baridi na ahadi ya moto.

Moto wenyewe hatuuoni. Kiumbe anasema atakwenda hadi mwisho wa kaskazini, akusanye kuni, ajichome, majivu yake yapeperushwe baharini ili mabaki yasije yakampa mtafiti mwingine mwanga wa kuunda mfano wake. Kuni atazipata wapi katika nchi ya barafu? Shelley hasemi. Waliomfuata hawakuivumilia hali hiyo ya kutojua. Tamthilia ya 1823 iliwafukia muumba na kiumbe kwa maporomoko ya theluji. Filamu ya Hollywood ya 1931 ikamteketeza kiumbe ndani ya kinu cha upepo, mbele ya umati wenye mienge. Watazamaji walitakiwa waende nyumbani wakijua amekwisha. Riwaya haitoi faraja hiyo. Inatuachia neno lake tu, tuliamini au tusiliamini, yaani uamuzi uleule ambao kila aliyekutana naye alilazimika kuufanya.

Sentensi ya mwisho ina historia yake. Katika kitabu kilichochapishwa, kiumbe anaruka dirishani na kutua kwenye pande la barafu lililokuwa kando ya meli, kisha mawimbi yanamchukua na anapotea katika giza na umbali. Maneno hayo yalipitia mkono wa Percy Shelley, mume wa Mary, aliyeupitia mswada wote. Miswada imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford, na humo Mary alikuwa ameandika tofauti: kiumbe anaruka kwenye barafu, anajisukuma kutoka melini, mawimbi yanamchukua, na Walton anasema, muda mfupi baadaye sikumwona tena katika giza na umbali.

Percy alikuwa na sikio la mshairi na sentensi yake inaimba. Mimi nachagua ya Mary. Katika ya Percy, kiumbe amepotea. Katika ya Mary, aliyeishiwa ni mtazamaji. Macho ya Walton yamefika mwisho wake, na huyo mwingine bado yumo gizani, huenda bado anaelea. Na katika ya Mary hachukuliwi na maji tu. Anajisukuma mwenyewe. Mary hasemi kwa mkono upi, lakini mimi nauona ni uleule, ulionyooshwa kitandani Ingolstadt na kunyooshwa tena juu ya jeneza, sasa umeegemea ubavu wa meli, unasukuma.

Barua inaishia hapo. Walton hamuagi Margaret, wala hatii sahihi.